Mshenga Siku Hizi Anaitwa Mwisho

Ushenga sikuuomba. Mshenga wa ukoo wetu alikuwa baba yangu mdogo, hapa Tanga mjini na kwenda mpaka Muheza na Pangani. Magoti yalipoanza kumsumbua akawa ananichukua tufuatane, baadaye akawa ananituma peke yangu. Nadhani alinichagua kwa sababu ya kazi yangu. Nilikuwa karani wa posta, na mtu wa posta alihesabiwa mtu anayejua kufunga mdomo. Posta nilistaafu mwaka 2024 nilipotimiza miaka 60. Ushenga hauna kustaafu, na kila Shaabani inapokaribia simu yangu hailali, maana huku pwani wengi wanataka kuoa kabla ya Ramadhani.

Kilichobadilika ni wakati ninaoitwa. Nilipoanza, mshenga alitangulia na mapenzi yakafuata nyuma, na mara nyingine hayakufika kabisa. Siku hizi mapenzi yanatangulia, yanafuata ukumbi, sare, kamati, kundi la WhatsApp la michango, na mwisho kabisa mtu anakumbuka kwamba kuna bahasha ya kupelekwa kwa wazee wa binti. Hapo ndipo ninapopigiwa. "Mjomba, Jumamosi hii una nafasi?"

Kwamba vijana wanachaguana wenyewe, hilo nalifurahia kwa moyo wote, na nitasema kwa nini. Linaloniuma ni jingine. Katika kuhama huko tuliacha njiani kazi moja ambayo haikuwa na ubaya wowote, nayo ni kuulizia.

Vijana wengi hawajaiona ikifanywa, kwa hiyo niieleze. Barua ya posa ilikuwa haipelekwi kabla mtaa haujasikilizwa. Baba mdogo alikuwa akisali Ijumaa msikiti wa mtaa wa kina binti, akitoka anakaa barazani na wazee, anaagiza kahawa, anazungumza habari za mvua na bei ya nazi. Jina la binti halitaji kabisa. Anauliza habari za nyumba: ni watu wa kutoka wapi, wanazikana na majirani, wana ugomvi gani na nani, mama alikuwa na hali gani alipougua mumewe. Anarudi siku nyingine kama mtu anayepita tu. Upande wa pili nao wakishanusa harufu ya posa wanamtuma shoga wa mama aje mtaani kwa kijana. Huyo alikuwa haendi msikitini wala barazani. Alikuwa anakwenda dukani.

Mwenye duka ndiye aliyekuwa anajua kila kitu. Nakumbuka posa moja ya kijana wa kwetu iliyorudishwa mtaa wa Ngamiani kwa maneno ya heshima kabisa, "binti yetu bado mdogo", na baba mdogo akaelewa papo hapo kwamba kuna jambo. Akazunguka, akalipata. Kijana alikuwa anakopa duka moja, deni likikua anahamia duka la pili, na yule wa kwanza anampita barabarani bila salamu. Basi. Hakuwa mlevi wala mwizi, lakini wazee wa binti waliona kwamba mtu anayemkwepa mdai atamkwepa na mke siku ya shida. Baba mdogo hakumficha. Alimkalisha chini akamweleza posa imerudi kwa sababu gani. Kijana akalipa, duka hadi duka, na mwaka uliofuata posa ileile ilipelekwa nyumba ileile ikapokelewa. Wana wajukuu sasa.

Hiyo ndiyo kuulizia. Mtu alijulikana na watu wasiokuwa na sababu ya kumpamba.

Sasa nieleze kwa nini silii kurudi zamani. Dada yangu mkubwa aliolewa mwaka 1978. Mimi nilikuwa na miaka 14, na nakumbuka harufu ya pilau kuliko kitu kingine chochote siku ile. Mwanamume aliulizwa kila mahali na kila mahali alisifiwa: mtu wa swala, hadaiwi, hapigi, ana shamba la minazi. Na yote yalikuwa kweli, niliishi kumjua shemeji yangu, alikuwa mtu mwema. Dada aliulizwa mara moja, mlango umerudishwa, na shangazi. Akanyamaza. Kunyamaza kwa mwali kukahesabiwa ndiyo.

Shemeji alifariki baada ya miaka mingi. Dada alipotoka eda nilikwenda kumjulia hali, tukakaa ukumbini, akaniambia kwamba wakati ule alikuwa na mtu wake, kijana wa reli aliyehamishiwa Moshi, na kwamba alinyamaza kwa sababu hakujua sentensi inaanzaje. Hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba kila mtu aliulizwa isipokuwa yeye.

Maneno yale yalinikaa. Na sheria ilikuwepo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa na miaka 7 dada alipoolewa, na inasema wazi kwamba ndoa haifungwi mpaka wote wawili wakubali kwa hiari yao. Ila sheria hiyohiyo iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, na ilichukua mpaka mwaka 2016 Mahakama Kuu kusema vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Kwa hiyo mtu akiniambia vijana wa leo wameharibika kwa sababu wanajichagulia, mimi namuona dada yangu na mlango ule uliorudishwa. Tangu siku ile, nikipeleka posa siikabidhi bahasha kabla sijaomba kumsalimu binti mwenyewe. Wazee wengine hukunja uso. Nakaa nao, nabembeleza, lakini siondoki kwenye hilo. Naye nikimuona humuuliza swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa kunyamaza: "Mwanangu, unamjuaje huyu kijana?"

Kati ya wakati wa dada na wakati wa simu palikuwa na kipindi ambacho mimi nakipenda kuliko vyote, na nilikiona kutoka upande wa ndani wa dirisha la posta. Kipindi cha barua.

Sikuwahi kufungua barua ya mtu. Lakini barua za mapenzi zilikuwa hazijifichi. Bahasha iliyopakwa rangi pembeni, mwandiko uliochukua muda, na ukiishika vidole vinabaki na poda, maana watu walikuwa wanainyunyizia poda ya dukani ndani ya karatasi ili mwenzake afungue anuse. Anwani zilikuwa na ujanja wake. Msichana wa shule hakuweza kuandikiwa kwa sanduku la shule, kwa sababu mkuu wa shule angeisoma kwanza, basi barua inapitia sanduku la kaka wa rafiki yake, na juu ya bahasha jina la msichana limewekwa chini kabisa, baada ya la kaka huyo. Wengine hawakuiamini posta, walimpa utingo wa basi. Na ndani, kama unaikumbuka miaka ile, mwanzo ulikuwa unajulikana: ni matumaini yangu u mzima wa afya njema, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Ndipo "ama baada ya salamu". Kila mtu alianza hivyo, halafu ukurasa wa pili ndipo ulipomjua mtu mwenyewe.

Wasiokuwa na ujasiri wa barua walikuwa na redio. Kadi za salamu zilikuwa zinapita mikononi mwetu kwenda Radio Tanzania, na kijana alikuwa anaandika orodha ya watu wa kuwasalimu: mama, baba, wajomba, marafiki wa kijiweni, na katikati ya majina hayo, kama vile ni mmoja tu wa jamaa, jina la yule msichana. Nyumba nzima inasikiliza redio, baba yake yumo, na yeye peke yake ndiye anayejua kwamba ametajwa kwa makusudi.

Mke wangu nilimuona kwenye harusi Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, mwaka 1989. Tulirudi na pantoni moja jioni, na katika safari ile fupi nilipata ujasiri wa kumuuliza anwani yake. Nilimwandikia. Akachelewa kujibu, na nilipoipata barua yake niliielewa sababu: alikuwa ameijibu kila hoja yangu, moja baada ya nyingine, na palipokuwa na maneno matupu alinionyesha kwamba ni matupu. Kwa mwaka mzima tuliandikiana. Kungoja kulinifundisha kuandika jambo moja la kweli, kwa sababu hupotezi stampu na wiki mbili kwa porojo. Nilipomwambia baba mdogo kwamba nimempata, hakukasirika kwamba nimejichagulia. Alisema, "Vizuri, sasa niache nikaulizie," akapanda gari la Pangani kupitia Tongoni, barabara ile ya vumbi, akakaa huko siku mbili. Na wao wakaja Tanga kuniulizia mimi. Nasikia mpaka mkuu wangu wa kazi aliulizwa.

Kwa hiyo mimi na mke wangu tulipendana kwa uchaguzi wetu na tukaulizwa na wasiokuwa sisi. Vyote viwili. Ndicho ninachowatakia vijana, na sioni kwa nini kiwe kigumu zaidi leo wakati simu inafika Pangani kwa sekunde.

Simu za mkononi zilipoanza kuenea huku kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilikuwa ghali kuzungumzia, na mapenzi yakajibana ndani ya kubipu. Mlio mmoja nimefika, milio miwili nakuwaza, na ukipokea kwa bahati mbaya umemla mwenzako vocha. Meseji ilikuwa na herufi 160, na watu walijifunza kukata irabu ili penzi lienee. Nilikuwa naona kazini barua zikipungua. Magunia yakawa mifuko, na ndani ya mifuko bahasha za ofisi, zenye dirisha la plastiki. Poda sikuinusa tena. Halafu ikaja pesa ya simu mwaka 2008, na baadaye simu za kugusa, Facebook, WhatsApp.

Watu wanasema simu imeharibu mapenzi kwa sababu imeyaharakisha. Mimi naona haraka ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba zamani mchumba alitoka mahali panapoulizika. Shuleni, mtaani, kazini, harusini, msibani. Ulipompata ulikuwa umepata na watu wake, na kama hukuwajua, kulikuwa na mtu mmoja tu kati yako na wao. Leo binti wa Muheza anapendana na mtu wa Kahama, au aliyeko Muscat, na kati yao hakuna binadamu hata mmoja anayewajua wote wawili. Ipo picha na sauti, zimo meseji usiku kucha, na kuna watu wawili tu duniani wanaojua kwamba penzi hilo lipo.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu mdogo, alipata mchumba namna hiyo. Kijana alisema anafanya kazi mgodini Geita, hajaoa, mama yake anaumwa. Walizungumza kwa simu mwaka na nusu, wakaonana Dar es Salaam mara chache. Nilipoitwa, kamati ya harusi ilikuwa imekwishaundwa, michango imeanza kuingia, dada yangu amekwishachagua rangi ya vitambaa. Waliniita niwe tayari kuwapokea wageni wa upande wa kijana. Nikasema sawa, lakini nipeni siku kumi. Hawakupenda. Niliona kwenye uso wa dada yangu kwamba ananiona mzee mkaidi.

Nilikuwa na mtu niliyefanya naye kazi posta aliyehamia kule. Nikampa jina na mtaa. Alikwenda kama tulivyokuwa tunakwenda sisi, akaanzia dukani. Alinipigia siku ya tatu. Kijana yupo, kazi ni kweli, mama ni kweli anaumwa, na mke yupo, na watoto wawili, na mke hana habari ya lolote. Dini yetu inaruhusu mke wa pili na sikuwa na ugomvi na hilo. Lakini mwanamume aliyewaficha wanawake wawili kwa mwaka na nusu amekwishaonyesha nyumba yake itakuwaje.

Kumwambia yule mtoto ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya katika ushenga. Alilia, kisha akanyamaza, kisha akasema jambo ambalo nimeomba ruhusa yake kuliandika hapa: "Mjomba, nilikuwa najua anaamka saa ngapi, anaogopa nini, utotoni aliumwa nini. Sikujua anaishi na nani."

Na hakuwa mjinga. Alikuwa ameulizia kwa njia za vijana. Aliiweka namba yake kwenye pesa ya simu akaangalia jina linalotokea, likatokea jina lake la kweli, na baada ya laini zote kusajiliwa kwa alama za vidole mwaka 2020 jina hilo lina uzito fulani. Alipitia picha zake za miaka ya nyuma mtandaoni. Alitazama nani anaweka maoni. Yote yalikuwa safi, kwa sababu yote yalikuwa mikononi mwa kijana mwenyewe. Jina kwenye pesa ya simu linakuambia anaitwa nani. Mke wake halimtaji.

Hata taratibu za kutangaza ndoa zimelegea kwa sababu hiyohiyo. Majirani zetu Wakatoliki wanatangazwa kanisani Jumapili tatu, na sheria inataka notisi ya siku 21 kabla ya ndoa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Ni utaratibu mzuri, uliotungwa kwa watu wanaojuana. Tangazo la mtu wa Geita likisomwa Tanga, nani atasimama?

Katika familia palikuwa na sauti za kumshitaki yule kijana wa Geita. Sheria ya Ndoa inaruhusu mtu kudai fidia ahadi ya ndoa ikivunjwa, na zawadi zilizotolewa kwa ajili ya ndoa ambayo haikufungwa zinaweza kudaiwa mahakamani. Mpwa wangu hakutaka. Michango ilirudishwa kwa wenyewe, na dada yangu aliifanya kazi hiyo mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kichwa juu.

Kuna waliopoteza zaidi. Mama mmoja, mstaafu kama mimi, mjane, alipata rafiki mtandaoni aliyejiita daktari aliyeko ng'ambo. Baada ya miezi ya maneno mazuri likaja lile la mzigo: zawadi imetumwa, imekwama uwanja wa ndege, inatakiwa ushuru. Akalipa. Likaja la pili, la faini. Sehemu kubwa ya mafao yake ilikwenda hivyo. Alikuja kwangu mambo yamekwisha, na aliloniomba lilikuwa nisiwaambie wanawe. Nilipomuuliza kwa nini hakumwambia mtu mapema, alisema mwanamke wa umri wake angechekwa kutafuta mwenzi. Nawaomba watoto wakubwa mlio na mama wajane: msiwacheke. Aibu hiyo ndiyo mlango ambao matapeli wanaingilia.

Na hili la pesa, niseme kidogo tu. Vijana wa kiume wananilalamikia kwamba wiki ya kwanza ya mazungumzo haijaisha wanaombwa elfu kumi "na ya kutolea", na nauli ikitumwa mtu hafiki. Wasichana nao wananiambia wanaume wanataka kuitwa wachumba bila kugharamia hata sabuni. Zamani wanaume walitoa pia: doti ya kanga, mafuta mazuri, viatu vya sikukuu. Tofauti ni kwamba zawadi ilipita kwa somo, yaani kungwi wa binti, au kwa shangazi, na kwa kupita huko ilikuwa ni tamko. Aliyetoa doti mbele ya shangazi alikuwa amejitambulisha. Anayetuma pesa usiku wa manane hajajitambulisha kwa yeyote, na anayeipokea hana deni kwa yeyote.

Lipo badiliko moja ambalo sina neno nalo isipokuwa shukrani. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka ya tisini ushenga ulikuwa na kona ya giza. Watu waliulizia ugonjwa kwa minong'ono. Mjane alikimbiwa, msichana aliyekonda alisemwa, posa zilirudi bila sababu kutajwa, na mengi yaliyosemwa yalikuwa uongo. Kisha vikaja vituo vya kupima kwa hiari, dawa zikaanza kutolewa bure mwaka 2004, na mwaka 2007 Rais Kikwete na mkewe wakapima hadharani. Leo kijana anaandika mtandaoni kwamba anatafuta mke, na katika sifa anaweka "awe tayari kupima" bila haya, na msichana anajibu "na wewe je?" Hiyo ni heshima ambayo kizazi changu hakikuwa nayo. Mimi huongeza kipimo cha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa sababu nchi yetu ni mojawapo ya zile zinazozaa watoto wengi wenye ugonjwa huo duniani, na wawili wanaobeba vinasaba vyake wanaweza wasijue kabisa mpaka mtoto aanze kulia mifupa.

Sasa niwaeleze habari ya mwanamke wa Muheza, ambaye amenifundisha ushenga upya.

Ana miaka 36, ameachika, ana watoto wawili. Kwa utaratibu wetu wa zamani mwanamke huyu alikuwa amekwisha. Najua, kwa sababu posa zilizokuwa zinamjia nilizibeba mimi: mzee mmoja anataka mtu wa kumtunza, mwingine anataka mke wa tatu wa kukaa shambani. Alizikataa kwa adabu. Binti yake mkubwa akamuingiza kwenye kundi la WhatsApp la wanaotafuta ndoa, lile ambalo msimamizi anakujazisha fomu, umri, mkoa, umewahi kuolewa, watoto wangapi, upo tayari kuwa mke wa pili au la. Alijaza kweli tupu. Akaandikiwa na mwanamume wa Kondoa aliyefiwa na mke, fundi seremala mwenye mtoto mmoja.

Kabla hajamtumia hata picha, yule mwanamke alimwambia: nipe jina la imamu wako, jina la mwenye duka unalonunua, na namba ya shemeji yako, kaka wa marehemu mkeo. Yule bwana alimpa. Naye akapiga simu zote tatu, mwenyewe, akajitambulisha kwa jina lake na sababu yake. Aliniambia kwamba aliyemkata kiu ni huyo shemeji. Mtu aliyemzika dada yake, akimsifu mume wa marehemu kwa mgeni, hapo pana kitu. Yule bwana naye akaomba majina ya kwake. Akapewa, na mojawapo lilikuwa langu. Nikaulizwa na mtu wa Kondoa habari za mwanamke wa Muheza, kwa simu, dakika kama arobaini, maswali ya maana. Sijawahi kuulizwa vizuri hivyo na mshenga yeyote.

Walipendana baada ya hapo, au ndani ya hapo, sijui. Posa ililetwa, mahari aliitaja mwanamke mwenyewe kama inavyostahili, na mwezi uliofuata akahamia Kondoa na wanawe.

Bila lile kundi la WhatsApp wasingeonana mpaka kufa. Hakuna mshenga wa Tanga anayefika Kondoa kutafuta. Kwa hiyo simu inaweza kukuletea mtu ambaye mimi nisingekuletea kamwe. Ninachoomba ni majina matatu. Mmoja anayemwona ibadani, mmoja anayemuuzia, mmoja aliyewahi kuwa ndugu yake kwa ndoa au kuishi naye nyumba moja. Na yaombwe mapema, kabla ya vitambaa na kabla moyo haujalala huko. Ukiona tabu kuuliza mwenyewe, mtafute mjomba, shangazi, mtu yeyote mzima unayemwamini kwamba hatapeleka maneno. Anayekasirika kuombwa majina, mwache na hasira zake.

Kuna mpwa wangu mwingine, wa kiume, aliyenitumia ujumbe wa sauti juzi. Amempata msichana wa Kilosa, wamejuana Facebook, anataka posa iende kabla ya Ramadhani. Nimemwambia aniletee jina kamili la baba wa binti, mtaa, na duka. Na yeye ajiandae, kwa sababu nimekwishampigia mzee mmoja wa Kilosa kumwambia kwamba watu wao wakitaka kuja Tanga kutuuliza sisi, mlango wangu uko wazi na watalala kwangu.